Neema Ndogo na Wajibu wa Aipataye

Mafunzo mengi tuliyorithi kwa wazee wetu kuhusu mali yanahusu njia za kuitafuta. Tumefundishwa kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kwamba mchumia juani hulia kivulini. Mafunzo hayo ni ya kweli, na taifa linalojenga uchumi wake kwa jasho haliwezi kuyadharau. Lakini liko jambo jingine ambalo halijapewa nafasi ya kutosha katika mazungumzo yetu ya maadili, nalo ni namna ya kuipokea fedha ambayo hatukuitafuta.

Mtu wa Chumbageni, mjini Tanga, aweza kuamka asubuhi akiwa na shilingi chache ambazo idadi yake anaijua vema, na kabla ya jua kuchwa akajikuta na fungu ambalo hakulitarajia. Huenda ni malimbikizo ya mshahara yaliyocheleweshwa hata akayakatia tamaa. Huenda ni deni la zamani ambalo alikwisha kulisamehe moyoni, na mdeni wake amekuja kulilipa. Huenda ni sehemu yake ya mirathi ya shangazi, au zawadi ya ndugu aliyeko Maskati. Fungu lenyewe si kubwa: halitoshi kujenga nyumba wala kununua gari. Hata hivyo, linazidi mahitaji ya siku ile, na kwa muda mfupi humfanya mtu ajione kuwa ana nafasi ya kuchagua. Katika makala haya tutajaribu kulitazama swali linalozaliwa na hali hiyo: je, fedha ya namna hii ni ya nani, na aliyeipata ana wajibu gani juu yake?

Kwanza yafaa tutenganishe neema ya kweli na vitu vinavyofanana nayo. Fedha iliyookotwa njiani si neema bado. Ni amana isiyojulikana mwenyewe. Kwa mujibu wa sheria ya dini ya Kiislamu, inayofuatwa na watu wengi wa pwani yetu, mwenye kuokota kitu cha thamani hutakiwa kukitangaza kwa muda wa mwaka mzima. Katika siku zetu hizi, ambapo fedha husafiri kwa simu, mafunzo hayo yamepata kazi mpya, kwa maana mtu hukosea tarakimu moja tu na jasho lake likaangukia kwa mtu asiyemjua. Anayeipokea fedha hiyo na kuiita bahati amejidanganya kwa jina. Jambo la kwanza katika matumizi ya busara, basi, ni kuuliza kama kuna haki ya kutumia.

Vilevile, fidia si neema. Mwaka 1951 au mwaka huu, shamba likichukuliwa na mwenye shamba akalipwa, fedha ile ni shamba lile lile lililobadilika umbo. Mwaka 2017 jiwe la msingi la bomba la mafuta ghafi, lenye urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima nchini Uganda, liliwekwa Chongoleani, kaskazini ya mji wa Tanga. Mradi mkubwa kama huo hupita katika mashamba ya watu, na watu hao hulipwa kwa ajili ya ardhi na mimea yao. Mwenye minazi iliyomlisha yeye na wazazi wake akilipwa fidia, kisha akaitumia kama mtu aliyeshinda bahati nasibu, hakutumia faida yoyote. Amekula minazi yake pamoja na mizizi. Huyo hana budi kuihesabu fedha yake kama mtaji tangu siku ya kwanza.

Tukiisha kutenga hayo, inabaki neema halisi, yaani fedha ya halali, isiyodaiwa na mtu, isiyokuwamo katika hesabu. Na hapa tunakutana na jambo la ajabu. Fungu kubwa humtisha aliyelipata. Hutafuta ushauri, hukaa na mkewe au mumewe, huenda benki. Fungu dogo halimtishi mtu, na kwa sababu hiyo hupotea bila kuagwa. Fedha ya mshahara huja ikiwa na majina yake: hii ya kodi ya nyumba, hii ya unga, hii ya nauli, hii ya sare za shule. Fedha ya neema huja haina jina, na yeyote anayewahi kuiita huipa jina lake. Ndiyo sababu mtu yule yule anayebishana na mchuuzi wa samaki kwa shilingi mia mbili aweza kutawanya makumi ya maelfu kwa siku mbili, na asijue yamekwenda wapi. Wazee walilieleza jambo hili kwa maneno machache: mali bila daftari hupotea bila habari.

Kuhusu namna ya kuitumia fedha hiyo, kuna rai mbili zinazopingana, na zote mbili zina watetezi katika jamii yetu. Rai ya kwanza inasema: ponda mali, kufa kwaja. Fedha imekuja kwa furaha, basi na itoke kwa furaha. Wengi wamezoea kuilaani rai hii kama upumbavu mtupu, lakini mwenye kuuchunguza utamaduni wa pwani hataharakisha kulaani. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ngoma ya beni ilienea katika miji yetu, na vyama vyake mashuhuri, Marini na Arinoti, vilishindana kwa mavazi, kwa gwaride na kwa karamu. Vyama hivyo vilivyotumia fedha nyingi kwa ushindani ndivyo pia vilivyosaidia wanachama katika maradhi na mazishi. Vivyo hivyo mwanamke anayeinuka katika taarabu kumtuza mwimbaji, au anayechangia harusi ya jirani, haitupi fedha yake baharini. Anajenga heshima na ujirani, na siku ya msiba wake hatazika peke yake. Mtu asiyetumia chochote kwa wenziwe huonekana tajiri, lakini ni maskini wa watu.

Kasoro ya rai hii iko penginepo. Ujirani hujengwa kwa mchango mdogo unaorudiwa, si kwa mmwago mmoja. Anayealika mtaa mzima kwa wiki moja, kisha akakopa unga wiki ya pili, hakuongeza heshima yake, ameiuza. Tena furaha ya namna hiyo ina madhara yaliyojificha, maana huizoesha nyumba kiwango cha maisha ambacho kipato chake cha kawaida hakiwezi kukibeba.

Rai ya pili inasema: akiba haiozi, ficha, nyamaza, usimwambie mtu. Rai hii ina hekima yake, hasa kwa watu ambao kesho yao haina uhakika. Lakini nayo ina mpaka. Fedha iliyofichwa chini ya godoro haiozi kwa macho, ila thamani yake hupungua kila bei zinapopanda. Tena siri inayowekwa dhidi ya jamaa wa karibu huozesha kitu kingine, nacho ni kuaminiana. Shaaban Robert, mwana wa Tanga aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909, alilitazama suala hili katika hadithi yake ya Adili na Nduguze. Ndugu watatu wanarithi mali ya baba yao; wawili wanaipoteza sehemu yao, na wa tatu, aliyeitunza yake, anagawana nao alichonacho. Adili angekuwa mbadhirifu kama nduguze, asingekuwa na kitu cha kugawa. Angekuwa bahili, asingegawa. Wema wake ulihitaji utunzaji na ukarimu kwa pamoja, na msomaji wa hadithi hiyo anajua kwamba ukarimu huo haukumkinga na husuda.

Basi tuifuate rai gani? Tunaona kwamba jibu limekuwamo katika desturi zetu kwa muda mrefu, katika jambo ambalo wengi hulifanya kila mwezi bila kulihesabu kuwa ni falsafa. Jambo hilo ni upatu, ambao wengine huuita mchezo. Watu kumi wanakubaliana kutoa kiasi kilicho sawa kila wiki au kila mwezi, kijumbe hukusanya, na fungu lote hupewa mmoja wao kwa zamu, mpaka wote wamepata. Tukiutazama kwa makini, upatu ni neema iliyotengenezwa na watu wenyewe. Watu wasioweza kupata fungu kwa mara moja wameamua kupeana bahati kwa zamu.

Yatupasa tuangalie hali ya mtu aliyepokea fungu la upatu katika zamu ya kwanza. Fedha yote imo mkononi mwake, na hakuna aliyesimama mlangoni kumdai usiku ule. Hata hivyo, anajua kwamba miezi tisa inayofuata ina haki katika fungu lile. Hawezi kusema kwamba amepewa bure, wala hawezi kusema kwamba si yake. Ni yake, lakini imekuja na deni kwa siku zijazo na kwa wenziwe. Kwa sababu hiyo watu wengi wa upatu huwa wameamua matumizi kabla ya zamu kufika: mmoja anangojea mabati, mwingine kitanda, mwingine mtaji wa kukaanga mihogo. Na mtu anayekula upatu kisha akaacha kuchanga, jamii humwita kwa jina lake, na hapati kualikwa tena.

Rai yetu ni hii: fedha ya neema yafaa ipokelewe kama fedha ya upatu katika zamu ya kwanza. Imemfikia mtu kabla hajaichangia. Basi aichangie baadaye. Kijumbe wake ni miezi ijayo, na wanachama wenzake ni watu wa nyumbani mwake, jirani zake, na yeye mwenyewe katika uzee wake. Kipimo cha matumizi mema ni kama fedha ya siku moja imepunguza mzigo wa siku nyingi.

Ili jambo hili lisibaki maneno matupu, tuchukue mfano wa kufikirika. Tuseme yuko fundi cherehani huko Chumbageni ambaye hana cherehani yake. Hukodi kwa shilingi 30,000 kwa mwezi. Amepata neema ya shilingi 500,000. Dukani anadaiwa 80,000. Mama yake yuko Pangani, na watoto wawili wapo nyumbani. Iwapo atafuata rai ya kwanza, fungu litakwisha kwa karamu na nguo. Iwapo atafuata rai ya pili, atalifungia sandukuni, na kila mwezi ataendelea kulipa kodi ya cherehani huku fedha ya kununulia cherehani imelala. Lakini akiwaza kama mtu wa upatu, atalipa kwanza deni la dukani, kwa kuwa deni ni tundu katika mfuko, na si busara kujaza mfuko uliotoboka. Kisha atatafuta cherehani iliyotumika ambayo bado ni nzima. Tuseme ni 300,000. Atampelekea mama yake 50,000, ataweka 50,000 kwa ajili ya maradhi au cherehani ikiharibika, na 20,000 zilizobaki atanunua samaki na mchele mzuri, nyumba nzima ifurahi.

Tuhesabu matokeo yake. Kodi ya 30,000 kwa mwezi ni 360,000 kwa mwaka. Katika muda wa miezi kumi cherehani itakuwa imerudisha bei yake, na baada ya hapo kila mwezi utamletea fundi yule 30,000 ambazo zamani zilikwenda kwa mtu mwingine. Neema iliyokuja mara moja imegeuzwa kuwa neema inayorudi kila mwezi. Huko ndiko kuchangia baada ya kupokea. Wala hatukumnyima furaha. Tumeipa furaha jina lake na kiasi chake, ili isije ikajiita kwa majina ya wengine.

Linabaki suala gumu kuliko yote, nalo ni la jamaa. Habari ya fedha haifichiki. Kabla ya siku tatu, binamu ana mgonjwa, mjomba ana kesi ya kiwanja, na jirani anataka kukopa mpaka mwisho wa mwezi. Baadhi ya washauri wa siku hizi humfundisha mtu kuwatazama jamaa hawa kama wezi wa maendeleo yake. Hatukubaliani nao. Mtu yule hakujilea mwenyewe, wala hakujisomesha mwenyewe. Na siku atakayolazwa hospitalini ya Bombo, si kitabu cha benki kitakachomletea uji. Madai ya jamaa yana msingi wa haki.

Lakini haki nayo huhitaji utaratibu. Kumpa kila ajaye kwa kadiri ya sauti yake ni kuwapa wenye haya adhabu na wenye pupa zawadi. Inafaa aliyepata neema atenge mapema fungu la jamaa, alitangaze waziwazi kwa walio karibu naye, na alipeleke mwenyewe kwa anayehitaji zaidi, hasa yule asiyeomba. Fungu hilo likiisha, aweze kusema bila aibu kwamba limekwisha. Chovya chovya humaliza buyu la asali. Lakini aliyemimina kikombe kimoja kwa ajili ya wageni na kulifunga buyu hawezi kuitwa mchoyo. Kutoa kwa mpango humhifadhi mtoaji na pia humhifadhi mpokeaji, kwa kuwa humwondolea kazi ya kubembeleza.

Yaliyo kweli kwa mtu mmoja ni kweli pia kwa taifa, na historia ya Tanga ni shahidi. Mwaka 1893 Dakta Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida, na iliyofika ikiwa hai na kupandwa Kikogwe, karibu na Pangani, ilikuwa 62 tu. Kutokana na miche hiyo, na kwa jasho la manamba walioletwa kutoka mbali kwa ujira mdogo, nchi yetu ikawa ya kwanza duniani kwa mkonge. Mwaka 1964 ilitoa zaidi ya tani 230,000. Vita vya Korea vilivyoanza mwaka 1950 vilipandisha bei ya mkonge ghafla, na bei ikapanda tena mwaka 1963. Kisha ikaporomoka, na nyuzi za viwandani zikachukua mahali pa katani. Bei ile ya juu ilikuwa mgeni, na wengi waliihesabu kama mwenyeji.

Kahawa nayo ilitufunza hivyo hivyo. Mwezi Julai 1975 baridi kali iliharibu mibuni ya Brazili, na kufikia mwaka 1977 bei ya kahawa duniani ilikuwa imepanda kupita kiasi. Akiba yetu ya fedha za kigeni iliongezeka, masharti ya kuagiza bidhaa kutoka nje yakalegezwa, na akiba ikapungua upesi. Mwezi Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakavamia Kagera, na mwaka 1979 bei ya mafuta ikapanda. Shida ikalikuta taifa na ghala lililokwisha kufunguliwa. Neema haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kuidhani kwamba itakaa.

Taifa pia limejifunza kurekebisha. Mfuko wa akiba ya wafanyakazi uliojulikana kwa herufi NPF, ulioundwa mwaka 1964, ulimlipa mstaafu haki yake yote kwa mkupuo mmoja. Mwaka 1997 sheria ilibadilishwa, ukaundwa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, ambao humlipa mstaafu pensheni ya kila mwezi. Ndani ya badiliko hilo mna wazo lile lile la upatu: fedha ya mara moja imehitaji kupewa umbo la fedha ya siku nyingi ili imsaidie mwenyewe.

Huenda msomaji akatupinga kwa kusema kwamba mashauri haya yanawafaa wenye nafuu, na kwamba aliyelala na njaa hana miezi ya kuihesabu. Pingamizi hilo ni la haki. Kwa mwenye njaa, chakula ndicho mtaji wa kwanza, na hakuna mwenye akili atakayemlaumu kwa kuanza na sufuria. Hata hivyo tusiwadharau maskini kwa kudhani kwamba hawajui kupanga. Katika mpango wa kunusuru kaya maskini ulioendeshwa na TASAF, fedha kidogo zilizotolewa zilitumika kwa chakula, na kaya nyingine zilijibana zikanunua kuku, mbuzi na mabati. Aliyezoea uhaba mara nyingi hujua thamani ya shilingi kuliko anayemshauri.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitukumbusha kwamba fedha ni matokeo ya maendeleo na si msingi wake. Msingi ni watu na kazi yao. Neema ndogo ni fedha iliyokuja bila kazi, yaani tunda lililotangulia mti. Wajibu wa aliyeipata ni kuupanda mti baada ya tunda: kuifanya fedha hiyo iwe chombo cha kazi, ada ya ufundi wa kijana, paa lisilovuja, au deni lililofutwa. Yafaa watoto wetu wafundishwe jambo hili mapema, nyumbani na shuleni, siku wanapopewa shilingi za sikukuu. Waulizwe, kabla ya kukimbilia dukani, shilingi zile watazipa majina gani. Anayejifunza kuzipa majina shilingi za Idi atajua kuyapa majina malimbikizo, mirathi na kiinua mgongo, na zamu yake ikiisha atakuwa bado anachangia.